Likizo ya Juni kwa Bibi na Babu: mwongozo kamili wa familia inayoelekea Mtwara na Lindi

Siku hizi kwenda kusini si kazi. Lami ipo, daraja lipo, basi likitoka Dar es Salaam alfajiri, alasiri mko Mtwara. Kazi inaanza mkishafika: watu watano wanaingia nyumba ya wazee wawili waliozoea kumaliza siku na ndoo mbili za maji. Wazee hawatasema neno. Watachinja kuku, watakopa sukari kwa mwenye duka, na mkishaondoka watabaki kulipa taratibu. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia maneno mengi kwenye maji na chakula kuliko kwenye fukwe.

Juni ikoje huko

Mvua za kusini ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, pengine Mei. Likizo ya Juni inaangukia kiangazi kikiwa kibichi. Njia za vumbi zinapitika, ufuta unavunwa, muhogo upo, na ming'oko, viazi vya mwituni, inachimbwa porini. Desemba ina maembe na mabibo, watoto wanaipenda zaidi, lakini barabara za vijijini zinateleza na siti za basi zinagombaniwa.

Watu wa Dar husahau mambo mawili. La kwanza ni baridi. Pwani, yaani Lindi mjini, Mikindani na Mtwara mjini, utavaa kama ulivyozoea. Uwanda wa juu wa Wamakonde ni habari nyingine: Newala usiku wa Juni na Julai mtoto anahitaji sweta, soksi na blanketi lake mwenyewe, kwa sababu blanketi la ziada kwa bibi huenda halipo. La pili ni hela. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba. Mwezi Juni asiyelima ufuta mfuko umekauka, na hapo hapo mikorosho inadai palizi na salfa, unga wa kupulizia dhidi ya ukungu. Mnafika wakati wazee wana shughuli nyingi na pesa kidogo.

Wiki tatu kabla: simu moja kwa mtu sahihi

Usimuulize bibi kama kuna kinachopungua. Atajibu "njooni tu, kila kitu kipo", na atakuwa anasema uongo wa mapenzi. Mpigie mjomba, au binamu anayeishi karibu, umuulize haya:

1. Vitanda vingapi, vyandarua vingapi, na vipi vina matundu.
2. Maji yanatoka wapi mwezi huu, na ndoo ya lita 20 inauzwa bei gani.
3. Nani anaumwa, na nani amefariki tangu mlipokuja mara ya mwisho.
4. Salfa imeanza kupulizwa au bado.
5. Zahanati ya karibu iko wapi, na usiku mnafikaje.
6. Kuna jando au unyago kwenye ukoo mwaka huu?

Swali la sita ndilo familia nyingi zinaliruka, kisha linazua ugomvi. Kiangazi na likizo za shule ndio wakati wa kuwaingiza watoto. Kwa koo za kusini mjomba ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake, na babu anaweza kuwa ameshapanga mjukuu wake aingie na wenzake. Baba na mama wakubaliane kabla ya kupanda basi, kisha wamwambie mjomba mapema na kwa adabu. Mkikubali, uliza tarehe ya kutoka wari, yaani watoto walioingizwa, na uilinganishe na siku ya kufungua shule, na utake tohara ya mvulana ifanywe na mhudumu wa afya mwenye vifaa safi. Kama hamko tayari, semeni kwa simu wiki tatu kabla. Kusema uwanjani ngoma ikishaanza kulia ni kumvunjia mzee heshima mbele ya kijiji.

Kwa basi

Kata tiketi siku tano au sita kabla, maana shule zikifungwa mabasi ya kusini hujaa mara moja. Kabla ya kulipa uliza gari linapakilia wapi. Mengine huanzia Mbezi, mengine huchukua abiria Mbagala, na ukiwa na watoto watatu na mabegi saa 10 usiku hutaki kulijua hilo kwa mpigadebe. Kila mtoto anayekaa siti awe na tiketi yenye jina lake. Kumpakata mtoto wa miaka sita hadi Mtwara kunaokoa nauli, lakini mnafika miguu imekufa ganzi na hasira juu.

Chagua siti za katikati, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Siti ya mwisho kabisa inarusha watu kila tuta na kila rasta, na huko ndiko watoto hutapika. Kaa upande wa kulia wakati wa kwenda: gari linaelekea kusini, jua la asubuhi linapiga kushoto. Kurudi, kaa kushoto. Ni jambo dogo, ila saa nne za jua kwenye kioo zinatosha kumtoa mtoto homa ya uongo.

Asubuhi hiyo wape watoto mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha na maji kidogo kidogo. Maziwa na chapati za mafuta ziache. Beba mifuko miwili isiyotoboka kwa kila mtoto, kitambaa chenye maji, na fulana moja ya akiba mkononi, si kwenye buti. Gari likisimama watu wakachimbe dawa, shukeni wote, hata anayesema hana haja. Baada ya nusu saa atakuwa nayo, na kondakta hatasimama.

Kwa gari lenu

Dar hadi Lindi ni kilomita 450 hivi, hadi Mtwara 560 hivi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 56 kwenda tu. Weka na mizunguko ya kijijini, na kwa safari nzima andaa kati ya lita 125 na 135. Jazeni Dar, ongezeni Nangurukuru, ambako njia ya Kilwa inachepuka. Kutoka hapo hadi Lindi kuna pori refu na vituo vichache, na hapo ndipo watu hukumbuka mafuta wakiwa wamechelewa.

Kabla ya safari kagua maji ya rejeta, mkanda wa feni, breki, na upepo wa tairi ya akiba. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika: watu wana tairi ya akiba, lakini haina upepo. Beba jeki, spana inayoingia kweli kwenye nati zako (ijaribu nyumbani), pembetatu mbili, pampu ndogo ya upepo, kibao cha kuwekea jeki isizame kwenye mchanga, na lita 10 za maji.

Njiani penye makazi na vibao vya 50, nenda 50. Trafiki wanapiga tochi na vijiji vya Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri vinafuatana. Ukitoka kimoja unaanza kukanyaga mafuta, kingine hiki hapa. Baada ya Ikwiriri mtavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Waambieni watoto kwamba kabla yake hapa palikuwa na pantoni, na masika basi liliweza kulala siku kadhaa ng'ambo. Wakiuliza Mkapa ni nani, waambieni ni mtu wa kwao bibi: kwao ni Lupaso, Masasi, na huko ndiko alikozikwa mwaka 2020.

Somanga ndipo pa kula samaki wa kukaanga. Nunua aliyetoka kwenye mafuta mbele ya macho yako, si yule aliyepangwa kwenye sinia tangu asubuhi. Eneo hilo hilo lina mabonde yanayojaa maji: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Kama masika yamechelewa kuisha, piga simu kuuliza hali kabla ya kuwasha gari.

Mkishapita Lindi, njia inagawanyika Mingoyo, penye kituo cha Mnazi Mmoja: moja kwenda Mtwara, nyingine kwenda Mtama, Nyangao, Ndanda na Masasi. Anayekwenda Newala ana njia mbili. Ya kupitia Masasi ni ndefu ukiwa unatoka Mtwara, ila kwa anayetoka Dar ina mantiki. Ya Mtwara kupitia Tandahimba ina lami hadi Mnivata, kilomita 50. Mbele ya hapo barabara imekuwa ikijengwa, kwa hiyo uliza wiki hiyo hiyo ikoje. Panga kufika kijijini saa 11 jioni si zaidi. Giza likiingia, njia ya mchanga yenye mbuzi na baiskeli zisizo na taa haifai dereva aliyechoka.

Zawadi na mahemezi

Usibebe magunia kutoka Dar. Nunua vitu vizito mji wa mwisho kabla ya kijiji, iwe Masasi, Newala, Nachingwea au Lindi. Fedha inabaki kwao na buti linapumua. Kwa watu 10 kwa siku 10 (ninyi watano, wazee, na wajukuu wa jirani ambao hakika watakuwepo), hesabu ni hii: wali mara moja kwa siku, gramu 150 za mchele kwa kila mtu, ni kilo 15. Ugali mara moja kwa siku, gramu 250 za unga kila mtu, ni kilo 25. Sukari kilo 4, mafuta ya kupikia lita 5, chumvi, majani ya chai, sabuni ya mche na ya unga, viberiti. Mbaazi, kunde na kisamvu vipo huko, na ugali wa makopa (muhogo mkavu) wa bibi usiukatae kwa sababu una rangi nyingine.

Vitu hivi mkabidhi bibi mwenyewe, jioni, bila hadhara. Jiko ni lake. Mkwe anayefika na kuanza kupanga masufuria upya amekosea hata kama nia yake njema.

Kwa bibi, doti ya khanga. Soma maandishi kabla ya kulipa! Khanga husema, na jina la kejeli likimfikia mzee litajadiliwa kijijini mwaka mzima. Kwa babu, msuli au tochi ya sola. Ila zawadi inayokumbukwa kusini mwezi Juni ni kulipia kazi ya shamba: palizi ya ekari kadhaa, au petroli ya mashine ya kupulizia. Muulize mjomba ni ipi inayomkwaza mzee.

Siku ya kwanza: maji

Kwenye uwanda wa juu, Newala na Tandahimba hasa, maji ni bidhaa. Nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Juni utakikuta kimejaa au karibu na kujaa, na mtoto wa mjini ataona maji tele. Si tele: hayo ndiyo ya kuwafikisha wazee hadi mvua za Novemba au Desemba.

Piga hesabu. Watu watano wakioga mara mbili kwa siku, kila mmoja nusu ndoo, wametumia lita 100. Kunywa, lita 10. Kupika na kuosha vyombo, lita 40. Jumla lita 150, ndoo saba na nusu, kila siku, kabla hujafua. Kwa siku 10 ni ndoo 75. Pipa la lita 200 la bibi mnalimaliza kesho yake asubuhi.

Fanya hivi. Asubuhi ya kwanza mwombe binamu akutafutie mwenye baiskeli, guta au bodaboda ya madumu, mpatane aletee ndoo nane kila siku, na lipia siku tatu mbele. Maji hayo yawe ya wageni, kwenye pipa lao. Kisima cha mvua kifungwe mfuniko kama kilivyokuwa. Wafundishe watoto kuoga kwa lita tano: kopo moja kulowanisha, paka sabuni maji yakiwa yamekaa, makopo matatu ya kusuuza kuanzia kichwani ili yale yale yashuke hadi miguuni. Maji yaliyooshea mboga yanakwenda kwenye mche. Ya kunywa chemsha hadi yatokote kabisa, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini. Kikombe cha kila mtoto kikizama humo, kuchemsha kote kumepotea bure.

Mtoto akianza kuharisha, mchanganyie ORS kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Kosa la kawaida ni kumwaga pakiti nzima kwenye kikombe kimoja. Chumvi inazidi na mtoto anazidi kukauka.

Kuamkia na kuhani

Jioni ya kwanza au kesho yake wapitisheni watoto kwa wazee wa jirani wakatoe shikamoo, kila nyumba, hata kama ni dakika tano. Palipo na msiba mliokosa, anzeni hapo kabla ya matembezi mengine yoyote, na mwende na rambirambi. Mtu akiwatania vikali msikasirike, huenda ni mtani. Na mtoto akikaribishwa "samaki nchanga" ajue mapema kwamba huyo hajaogelea: ni panya wa porini. Kukataa kwa upole kunaruhusiwa, kukunja uso hapana.

Salfa

Mikorosho hupuliziwa unga wa salfa kati ya Juni na Agosti kuzuia ukungu unaoua maua, na kazi hufanywa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia. Kama nyumba iko ndani ya shamba, unga utawafikia. Macho yanawasha, kifua kinakereka, na mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya.

Uliza kesho wanapulizia upande gani. Asubuhi hiyo watoto wabaki ndani madirisha yakiwa yamefungwa hadi kazi iishe, au wapelekeni kwa ndugu wa upande wa pili. Funikeni pipa, mtungi na chakula, msianike nguo. Unga ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kusugua. Mtoto mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwa mzazi, si ndani ya begi lililofungwa kwa kamba.

Korosho mbichi ni hatari ya aina nyingine: ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi na midomo. Mtoto asiing'ate. Kukaanga na kubangua afanye bibi, watoto wakae upande usiokuwa na moshi.

Homa

Malaria kusini ni nyingi. Nendeni na vyandarua vyenu viwili vyenye dawa, kamba na misumari, kwa sababu chandarua bila pa kukining'iniza ni shuka tu. Kichomekwe chini ya godoro au mkeka saa 12 jioni, si mtu anapokwenda kulala. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Zahanati ina kipimo cha haraka cha tone la damu. Usianze dawa mseto kwa kubahatisha, wala usimpe mtoto nusu dozi ya mtoto mwingine. Mtoto akidegedeka, akitapika kila kitu au akilegea, msisubiri asubuhi. Hospitali kubwa ni Ligula na ya Rufaa ya Kanda kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi mjini, Mkomaindo kwa Masasi, na Nyangao na Ndanda kwenye barabara ya Masasi.

Matembezi, kwa kifupi

Siku mbili zinatosha. Mmekuja kwa wazee. Newala kuna Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda unaotazama bonde la Ruvuma. Shikeni watoto mikono. Mikindani, alikoanzia Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866, inatembelewa kwa miguu asubuhi moja. Msimbati ina ufukwe mweupe na njia ya mchanga: punguza upepo wa tairi hadi kama psi 20, usisimame katikati ya mchanga, na jaza tena mkitoka. Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981, iwekeni wakati wa kurudi. Kibali hutolewa Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Tendaguru waelezeeni watoto tu, wala msiwaburuze huko: mifupa ya dinosaria iliyochimbwa 1909 hadi 1913 iko Berlin.

Na mchukueni babu. Wazee wengi wa Newala hawajaiona bahari kwa miaka, na siti moja ya gari lenu inamtosha.

Kurudi

Njooni na begi moja tupu. Bibi atafunga makopa, kunde, ming'oko, pengine na kuku wawili miguu imefungwa. Kukataa ni kumuudhi. Kuku wapewe maji kabla, watobolewe boksi, na kondakta aambiwe kabla ya kupakia. Korosho chukueni zilizobanguliwa. Gunia la korosho ghafi likikutwa njiani bila kibali mtaulizwa maswali ya kangomba, yaani biashara haramu ya korosho, na jibu la "amenipa bibi" halitatosha.

Fedha ya kumwachia bibi mpe mkononi asubuhi ya kuondoka, imekunjwa, wakati wa kuagana. Lipia maji ya wiki moja zaidi kwa yule mwenye madumu, na hakikisha deni la dukani lililoandikwa kwa jina la bibi siku mlizokuwepo limefutwa. Nenda mwenyewe kwa mwenye duka uulize; bibi hatakuambia.

Mkifika Dar, andika tarehe mliyotoka kijijini kwenye kadi ya kliniki ya kila mtoto. Malaria huweza kujitokeza kuanzia siku saba hadi mwezi mzima baada ya kuumwa na mbu, na daktari wa mjini akiona homa na mafua anaweza kuandika dawa ya mafua. Mwonyeshe hiyo tarehe kabla hajashika kalamu.